Kushea picha zako mtandaoni wakati kazi na familia vimekubana: mwongozo kamili, toka kwenye kadi mpaka kwa watu

Nianze na picha moja. Mwaka 2019 nilienda Bagamoyo siku ya Jumamosi na kamera yangu Canon 700D ya mtumba, nikamkuta fundi mmoja ufukweni anatia kalafati kwenye jahazi, yaani anaziba nafasi za katikati ya mbao kwa pamba, nikamsalimia nikaomba ruhusa, akakubali, nikapiga kama picha arobaini hivi. Wakati naondoka akaniambia "mwanangu, usisahau kuniletea hata moja". Nikasema nitaleta. Zile picha zikakaa kwenye kadi, kazi zikabana, mtoto akazaliwa, na niliporudi mwaka 2022 nikaambiwa mzee ameshatangulia mbele ya haki. Picha nilimkabidhi binti yake, akazishika muda mrefu hasemi kitu, kwa sababu ile familia haikuwa na hata picha moja ya baba yao akiwa kazini.

Toka siku hiyo nikaacha kusubiri "nikipata nafasi". Nafasi haiji ndugu yangu. Mi nakaa Kimara, Dar es Salaam, nafanya kazi ofisini eneo la Posta, nina watoto wawili, na huu utaratibu ninaouandika hapa nautumia kila wiki: dakika kumi kumi za katikati ya wiki na saa moja hivi ya Jumapili jioni. Kama na wewe una picha elfu nne ndani ya simu au kadi na hakuna aliyeziona, anza hapa.

Hatua ya 1: Jua unamshea nani

Watu wengi wanaanza kwa kufungua akaunti kila mahali, Instagram, Facebook, TikTok, Flickr, halafu ndani ya miezi miwili zote zimekufa kwa sababu hakuna mtu mwenye kazi na familia anayeweza kulisha akaunti tano. Jiulize kwanza hizi picha ni za nani. Za harusi ya mdogo wako na watoto wakiogelea zinawahusu ndugu, basi mahali pake ni albamu ya Google Photos ya watu mliopeana linki au grupu la WhatsApp la familia, hazina haja ya kuonwa na dunia nzima. Kama unataka watu wa kawaida waone unachokiona mtaani kwako, Instagram bado ndiko waliko Watanzania na Wakenya wengi wanaopenda picha. Na kama unataka wapiga picha wenzio waziangalie kwa ukubwa na ubora wake, Flickr bado ipo, toka 2004 mpaka leo, japo akaunti ya bure ina kikomo cha picha na video 1,000, ambacho kwa mtu anayeposti tatu kwa wiki ni zaidi ya miaka sita, kwa hiyo usiogope.

Ushauri wangu: nyumba moja ya umma na nyumba moja ya familia. Mbili tu. Mi umma ni Instagram, familia ni albamu ya Google. Stetasi ya WhatsApp naitumia pia lakini ile inafutika baada ya saa 24 kwa hiyo siihesabu kama nyumba, ni barazani tu pa kupitia na kusalimia.

Hatua ya 2: Toa picha kwenye kamera siku ile ile

Hii ndo inayoua picha za watu bize. Ukirudi nyumbani umechoka, unaweka begi chini, kesho unaenda kazini, wiki inapita, mwezi unapita, kadi inajaa unaanza kufuta ovyo ili upate nafasi. Nunua kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu, maduka ya simu Kariakoo vipo vya kila aina, na usiku ule ule kabla hujalala hamisha zote kwenye simu au laptopu. Folda iite kwa tarehe na mahali ukianza na mwaka, mfano 2025-03-15 Feri (soko la samaki la Dar), hapo kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfululizo na miaka mitano mbele bado utazipata.

Halafu bakapu. Kanuni wanayoitumia wapiga picha ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Kwetu wa kawaida maana yake ni laptopu, diski ya nje (hard disk), na mtandaoni. Google wanatoa GB 15 za bure lakini zinagawanwa na barua pepe zako, na ule wakati wa kupakia bila kikomo uliisha tarehe 1 Juni 2021, kwa hiyo usipakie kila kitu, pakia zile ulizochagua tu. Mi nilishapoteza picha za mwaka mzima, diski ya nje ilipodondoka toka mezani, haikuwaka tena, na fundi akasema hamna cha kuokoa. Kubakapu kunachukua muda ule wa kupiga mswaki, unachomeka unaondoka.

Hatua ya 3: Kuchagua, na hapa kaa

Nadhani hii ndo sehemu inayotofautisha mtu ambaye picha zake watu wanazisubiri na mtu ambaye watu wanampita. Ukimuonyesha mtu picha thelathini za soko la samaki, ya tano ameshachoka. Ukimuonyesha tatu atakuuliza zingine ziko wapi.

Nafanya mizunguko mitatu, na kila mzunguko siku yake. Wa kwanza ni wa haraka sana, nafanya nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi asubuhi, simu mkononi, swali ni moja tu: hii imeharibika? Iliyotikisika, mtu kafumba macho, kichwa kimekatwa, hiyo inatoka. Mia mbili zinabaki themanini hivi. Mzunguko wa pili kesho yake, sasa naweka alama ya moyo kwa zile ambazo zikipita kwenye skrini kidole kinasimama chenyewe. Usijieleze kwa nini. Zinabaki kama kumi na mbili. Mzunguko wa tatu ni Jumapili, zile kumi na mbili naziangalia kwenye skrini ya laptopu kwa ukubwa na natafuta zinazofanana. Kama nina nne za mvuvi yule yule kabeba ndoo ile ile, nabaki na moja, hata kama inauma, na mara nyingi inauma kweli kwa sababu wewe unakumbuka jinsi ulivyoamka saa kumi na moja alfajiri kuifuata ile picha. Ila anayeangalia hajui uliamka saa ngapi. Anaona picha tu.

Kitu kingine kilichonisaidia sana ni kumpa mke wangu simu, namwambia chagua mbili, na sisemi neno. Karibu kila mara anachagua yenye mtu anafanya kitu na anaiacha yenye mawingu mazuri niliyokuwa najivunia. Tafuta mtu kama huyo, asiwe mpiga picha.

Zilizobaki usizifute zote. Tupa zilizoharibika, nyingine ziache kwenye diski ya nje, maana picha ya kituo cha daladala ambayo leo haina maana, baada ya miaka kumi kituo chenyewe hakipo.

Hatua ya 4: Kuediti kwa dakika tano

Snapseed ni ya bure na inatosha. Lightroom ya simu nayo ina sehemu kubwa ya bure. Kwenye kompyuta kuna darktable, bure kabisa, ila inataka uvumilivu wa kujifunza. Mpangilio wangu hauna siri: nyoosha kwanza, hasa bahari, maji ya bahari yakilala upande picha nzima inasumbua jicho, kisha kata vitu vya pembeni visivyohusika, kisha mwanga, kisha rangi kidogo sana, basi.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye ngozi zetu. Ukimpiga mtu mweusi akiwa na anga jeupe nyuma yake, kamera inapima lile anga na uso unabaki kivuli. Suluhisho la kwanza ni palepale unapopiga, gusa uso kwenye skrini ya simu ili ipimie pale, au mgeuze mtu awe anautazama mwanga badala ya kuupa mgongo. Kwenye kuediti, inua vivuli taratibu na shusha sehemu zilizong'aa sana, usiinue mwanga wa picha nzima. Na kwenye simu, zima ile seting ya kurembesha uso, simu nyingi zinakuja imeshawashwa, inalainisha ngozi na kuing'arisha mpaka bibi wa miaka sabini anakuwa hana kunjo hata moja na rangi siyo yake. Nimeshaona mama mmoja anaangalia picha yake mwenyewe anasema "huyu siyo mimi". Ile rangi ya mtu ndo mtu mwenyewe, iache ilivyo.

Kuhusu saa za kupiga sitasema mengi, ila sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu unaisha haraka kuliko huko Ulaya wanakotengeneza video nyingi za mafunzo. Dar ukitaka mwanga mzuri Feri, uwe umefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikifika saa mbili na nusu jua limeshakuwa kali na vivuli vimekaa chini ya macho ya watu.

Hatua ya 5: Kuandaa faili ili isiharibike njiani

Umewahi kuposti picha kali halafu ikatokea kama imepigwa na simu ya zamani? Ni kwa sababu mitandao inaipunguza yenyewe. Picha ya kamera yangu ina kama MB 6 na upana wa pikseli zaidi ya 5,000, Instagram inaishusha mpaka upana wa 1,080 na wewe huna usemi jinsi inavyoshusha. Kwa hiyo ishushe mwenyewe kwanza. Kwa Instagram toa JPEG ya pikseli 1080 kwa 1350 kama ni ya kusimama, hiyo inajaza skrini ya simu vizuri kuliko ya kulala. Kumbuka toka 2025 gridi ya kwenye profaili siyo mraba tena, imerefuka, kwa hiyo zile picha za zamani za mraba zitakatwa pembeni, usishtuke. Kwa Flickr pikseli 2048 upande mrefu inatosha sana na hailii bando.

Rangi: kwenye programu ya kuediti hakikisha unatoa kwa sRGB, ule mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni. Ukitoa kwa Adobe RGB baadhi ya simu na brauza zitaonyesha rangi zimepauka, na utadhani umekosea kuediti kumbe siyo.

WhatsApp nayo inabana picha. Toka 2023 kuna kitufe cha HD unachokibonyeza kabla ya kutuma, kinasaidia, ila kama mtu anataka picha ya kuprinti mtumie kama dokyumenti, hapo inafika kama ilivyotoka kwako bila kupunguzwa.

Hatua ya 6: Futa mahali ulipopigia

Picha ya simu inabeba ndani yake taarifa: simu gani, saa ngapi, na mara nyingi mahali penyewe kwa vipimo vya ramani. Ukipiga mtoto sebuleni na ukatuma ile dokyumenti niliyosema hapo juu, umetuma na ramani ya nyumbani kwako. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaziondoa hizo taarifa, kama dokyumenti haziondoki. Kwa hiyo ingia kwenye seting za kamera ya simu, uzime lokesheni, au kwenye iPhone ukibonyeza kushea angalia juu kwenye machaguo, zima pale. Flickr inaweza kuiweka picha kwenye ramani ya wazi ukiiruhusu, kapitie seting za faragha mara moja tu umalize. Na posti za safari ziweke ukisharudi. Usitangaze kwamba nyumba yako haina mtu.

Hatua ya 7: Ruhusa

Feri siku moja nilimwambia mzee mmoja, shikamoo mzee wangu, naomba kukupiga picha mbili tatu, akanijibu "marahaba, piga tu mwanangu, ila usije ukaniuza huko mitandaoni". Alisema akicheka lakini mi nililibeba lile neno. Sasa hivi nikiomba kupiga naomba vitu viwili: kupiga, na kuweka mtandaoni. Watu wengine wanakubali la kwanza wanakataa la pili, na hiyo ni haki yao kabisa.

Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na picha ya mtu anayetambulika inaweza kuhesabika kuwa taarifa yake. Hili siyo la kwenye makaratasi tu, mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya kwa kuposti picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Watoto wa watu usiposti bila mzazi kukubali, hata kama ni picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga. Wagonjwa, misiba, watu walioko kwenye shida, jiulize kama ungetaka mama yako aonekane hivyo. Na kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo yenye ulinzi usielekeze kamera kabisa.

Hatua ya 8: Kapsheni

Hapa ndo nawaona wenzangu wengi wanaharibu kazi nzuri. Picha ya kinyozi wa chini ya mwembe, kapsheni yake ni emoji tatu za moto na hashtagi ishirini na tano. Andika bwana. Andika Kiswahili. Nani, anafanya nini, wapi, lini, na kitu kimoja ambacho picha haiwezi kukisema. Mfano badala ya "Bagamoyo vibes" andika "Fundi anatia kalafati, Bagamoyo, Machi 2019. Pamba inasokotwa kwa mkono, inachovywa mafuta, inagongewa katikati ya mbao. Alijifunza kwa babu yake." Maneno kidogo tu, ila mtu akitafuta kalafati mtandaoni miaka ijayo atakuta picha na maelezo kwa lugha yake, na vitu kama hivyo kwa Kiswahili ni vichache sana mtandaoni, nasikia uchungu kila nikitafuta.

Siri ya kuandika ukiwa bize: rekodi sauti. Ukimaliza kupiga, kabla hujapanda gari, jirekodi WhatsApp ukijitumia mwenyewe, sekunde thelathini, useme umeongea na nani na kakuambia nini. Jumapili unasikiliza unaandika. Ukitegemea kumbukumbu utasahau hata jina la chombo.

Hashtagi tatu mpaka tano za mahali na kitu chenyewe zinatosha. Na unapoandaa posti ya Instagram, kwenye machaguo yake kuna sehemu ya kuandika maelezo ya picha kwa wasioona, simu zao zinawasomea kwa sauti. Sentensi moja tu, mfano "mzee ameinama kando ya jahazi, nyundo mkono wa kulia". Ifanye.

Hatua ya 9: Panga wiki nzima kwa mkao mmoja

Jumapili usiku watoto wakilala nakaa na zile picha tatu zilizoshinda, nazimaliza zote. Akaunti ya Instagram ukiibadilisha kuwa ya kikazi, ni bure, inakuruhusu kupanga posti zitoke zenyewe, mpaka siku 75 mbele. Mi napanga Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, jioni watu wakiwa njiani wanarudi majumbani. Kazi nzito ya kupakia, kama bakapu na albamu ya familia, naiacha kwa bando la usiku. Halafu katikati ya wiki ninachofanya ni kujibu tu, mtu akiuliza kitu namjibu kwa sentensi iliyokamilika, na natembelea akaunti za wapiga picha wenzangu wawili watatu naacha neno la maana siyo "kali sana" peke yake. Laiki sihesabu. Wiki ukizidiwa, posti moja. Ukiumwa, usiposti, hakuna atakayekudai.

Hatua ya 10: Haki yako kwenye picha

Ukibonyeza kitufe, picha ni yako tayari, sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hailazimishi usajili ndo uwe na haki, ingawa ukitaka ushahidi zaidi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo. Mimi iliwahi kutumika picha yangu ya bahari kwenye tangazo la biashara ya mtu bila kuniuliza, kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na faili asili kubwa lenye tarehe, nikawaandikia kwa heshima nikaambatanisha, wakaitoa na wakalipa kiasi. Ndo maana mtandaoni uweke ndogo na kubwa ubaki nayo. Kuandika jina kubwa katikati ya picha sikushauri, linaharibu picha kwa kila mtu mwema ili kumzuia mwizi mmoja anayeweza kulifuta kwa dakika.

Angalia pia masharti kabla ya kupakia kwenye mitandao ya picha za bure kama Unsplash na Pexels, pale unaruhusu mtu yeyote atumie hata kibiashara bila kukulipa. Siyo vibaya, ila ujue. Kama unataka kutoa bure kwa faida ya watu, mi naipenda zaidi Wikimedia Commons, kwa sababu picha inaweza kuingia kwenye makala za Wikipedia ya Kiswahili ambazo nyingi hazina picha, na jina lako linabaki limeandikwa. Kuna shindano la Wiki Loves Africa toka 2014, kila awamu ina mada yake, unapakia pale pale Commons na leseni ya wazi. Picha za chakula cha nyumbani kwenu, soko lenu, ngoma za kwenu, zinahitajika.

Hatua ya 11: Warudishie waliokupa sura zao

Kwenye simu nina orodha fupi ya watu niliowaahidi picha, jina, mahali, namba kama alinipa. Jumapili ile ile kabla sijapanga posti natuma kwanza kwao, kwa WhatsApp kama dokyumenti, na asiye na simu janja namprintia kwenye studio ya mtaani nampelekea nikipita. Mzee wa Feri nilimpelekea yake imewekwa kwenye plastiki isilowe, kaitundika juu ya meza yake ya samaki. Wiki iliyopita orodha ilibaki na majina mawili, wauza nazi wa Mbezi, nitapita Jumamosi asubuhi.